Ampuli mbili kwenye droo moja: niseme au ninyamaze?

Shikamoo Mama,

Mimi ni muuguzi wa miaka 29, huu ni mwaka wangu wa tano kazini, wodi ya watoto katika hospitali ya mkoa ambayo naomba nisiitaje. Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu. Hata mume wangu hajui.

Usiku ule ulikuwa wangu wa sita mfululizo. Kwa kawaida tunafanya naiti nne kisha ofu, lakini mwenzetu mmoja yuko likizo ya uzazi na mwingine alikuwa semina. Tulikuwa wauguzi wawili kwa watoto 47, vitanda vingine vina watoto wawili wawili. Karibu saa kumi na moja alfajiri mwenzangu alikuwa kule mwisho na mtoto aliyeshikwa na degedege, mimi naandaa dawa za asubuhi. Nikachukua kichupa cha antibaiotiki, seftriaksoni, nikatoa ampuli ya maji ya sindano kwenye droo ya troli, nikayeyusha, nikavuta kwenye bomba, nikaenda kitandani. Kanula, ule mrija wa kwenye mshipa, nilishaifungua. Mama wa mtoto, binti mdogo tu, akatazama trei niliyoshika, akasema, "Sista, mbona chupa ya leo si kama ya jana?"

Nikaangalia. Haikuwa maji. Ilikuwa potasiamu kloraidi iliyokolea.

Mama, ampuli zile zote ni za plastiki, mililita kumi, maandishi madogo, zimefanana kama mapacha. Mtu anayejaza droo anazimwaga pamoja. Nilitupa kila kitu, nikaandaa upya, nikampa mtoto dawa yake. Kisha nikaenda chooni, nikajifungia, nikalia mpaka niliposikia wa zamu ya asubuhi wanaingia.

Nilimwambia mwenzangu peke yake. Akanijibu, "Usithubutu kusema. Umesahau yaliyompata yule?" Yule ni dada wa wodi yetu ambaye mwaka jana alimchoma mtoto gentamisini mara mbili kwa sababu zamu iliyotangulia ilitoa dawa bila kusaini. Alijitaja mwenyewe. Mtoto hakudhurika, lakini dada akapewa barua ya kujieleza ndani ya saa 24, ikasomwa kwenye ripoti ya asubuhi mbele ya wanafunzi, akahamishwa wodi. Tangu siku ile daftari la matukio halijaandikwa mstari hata mmoja. Miezi minane sasa.

Nikiwa zamu nazitenganisha zile ampuli mwenyewe. Nikirudi baada ya ofu nazikuta zimechanganyika tena. Mchana silali. Nasoma lebo moja mara tano na bado siamini macho yangu. Nikiwa kwenye daladala namsikia yule binti anauliza, "mbona si kama ya jana". Nyumbani namfokea mwanangu wa miaka mitatu kwa kumwaga uji. Binamu yangu ana duka la dawa, anasema niache hospitali nikamsaidie.

Niseme au ninyamaze? Nimwambie yule mama ukweli? Na je, mimi ni muuguzi mbaya?

Muuguzi wa Wodi ya Watoto

Marahaba mwanangu.

Nitajibu yote uliyouliza, lakini nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza. Ukiingia zamu yako ijayo, kabla hujapokea hata ripoti, zitoe hizo ampuli za potasiamu kwenye troli. Usisubiri kikao, usisubiri mtu akupe ruhusa. Ziweke kwenye kabati lenye kufuli, mwambie mwenzako wa zamu umeziweka wapi na kwa nini, na kukikucha zirudishe famasi mkononi mwa mfamasia, zihesabiwe na msaini wote wawili. Najua wodi ya watoto inaihitaji potasiamu kwa wanaoharisha na wenye utapiamlo. Ikihitajika, iombwe kwa mtoto fulani na ichanganywe kwenye dripu watu wawili wakiwa wanatazama. Hakuna mtoto duniani anayehitaji potasiamu iliyokolea ikae jirani na maji ya sindano. Ikiingia kwenye mshipa bila kuchanganywa, inasimamisha moyo ndani ya dakika chache, na huwezi kuirudisha.

Na mtu asikwambie kwamba hii ni hofu ya binti aliyechoka. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa masuluhisho tisa ya usalama wa mgonjwa, na mojawapo lilihusu dawa za chumvichumvi zilizokolea kama hiyo potasiamu, ambazo zinatakiwa kuondolewa wodini. Halikutoka hewani. Lilitoka kwa vifo vya wagonjwa katika nchi zenye wauguzi wengi kuliko sisi, taa nzuri kuliko zetu na droo zilizopangwa kuliko yako.

Sasa nikusimulie jambo langu. Nimestaafu baada ya miaka 36 ya wodi, na hili nimelisimulia mara chache sana. Nilikuwa leba, hospitali ya wilaya, kijana kama wewe. Kwenye bakuli moja tulikuwa tunaweka vitamini K ya watoto wachanga na ergometrini ya kuzuia damu kwa mama zao, ampuli ndogo za kioo, zote zinakaa katikati ya vidole viwili. Alfajiri moja nilishavunja ergometrini nikiwa nimemshika paja mtoto mchanga. Sijui nini kilinifanya nisome tena. Niliitupa, nikachukua iliyo sahihi, nikamshukuru Mungu na kufunga mdomo. Niliogopa matroni. Baada ya wiki tano mwenzangu alifanya kosa lile lile kutoka bakuli lile lile, ila yeye hakusoma mara ya pili. Mtoto alipata degedege, akaacha kupumua, tukampulizia hewa kwa mkono usiku kucha. Alipona. Mwenzangu hakurudi tena kwenye uuguzi. Alikuwa mkunga hodari kuliko mimi, na watu wote walisema ni mzembe, nami nilikaa kwenye kikao kile nikiwa najua bakuli lile tangu wiki tano nyuma.

Ndiyo maana nakwambia: sema.

Unanieleza kwamba daftari la matukio limekaa miezi minane bila mstari. Watoto 47, wauguzi wawili, ampuli zimechanganyika, na hakuna tukio hata moja? Inchaji wako, muuguzi kiongozi wa wodi, huenda analionyesha daftari hilo kwa wakaguzi kwa furaha. Mimi nikiliona daftari kama hilo napata baridi, kwa sababu makosa hayakuisha, yamehama tu kutoka kwenye karatasi kwenda vyooni mnakolilia. Ile barua iliyosomwa mbele ya wanafunzi ilifundisha wodi nzima somo moja: ukijitaja utaaibishwa. Na wale wanafunzi watalibeba somo hilo mpaka hospitali watakazopangiwa.

Angalia pia kilichobaki bila kuguswa. Yule dada alihamishwa. Je, utaratibu wa kusaini dawa papo hapo ukishaitoa ulibadilika? Hukuandika kuhusu hilo, nami nahisi haukubadilika. Basi kesho mwingine atarudia dozi.

Hili tumeliona Afrika Mashariki kwa macho yetu. Mwaka 2007 pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishana vyumba vya upasuaji: aliyekuja kwa goti akapasuliwa kichwa, aliyekuja kwa kichwa akapasuliwa goti. Nchi ilitikisika. Mwaka 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, vitambulisho vya wagonjwa vikachanganyika na mtu ambaye hakuhitaji upasuaji akafunguliwa fuvu, huku mwenye damu iliyoganda kichwani akibaki wodini. Daktari mpasuaji, mtaalamu wa usingizi na wauguzi wakasimamishwa kazi upesi. Ni zaidi ya miaka kumi kati ya moja na lingine, nchi mbili tofauti, na chanzo ni kile kile: jina na mtu havikulinganishwa kabla ya kisu. Sisemi asiadhibiwe mtu. Nasema kumwondoa mtu hakumvalishi mgonjwa kitambulisho sahihi.

Kuna uzembe wa kweli, mwanangu, na sitautetea. Muuguzi anayeacha kituo akaenda kulala chumba cha mapumziko bila kumwachia mtu wodi, au anayeandika ametoa dawa ambayo hakuitoa, huyo awajibishwe. Kuna anayezoea njia ya mkato, kama kuyeyusha dawa za watoto kumi kwa mkupuo ili awahi. Huyo akalishwe chini aelezwe, na tuulize kwa nini anakimbizwa na muda. Na kuna wewe, uliyenyoosha mkono kwenye droo ya maji ukakuta sumu. Barua moja ya kujieleza kwa watu hawa watatu ni uonevu.

Utasema vipi basi? Usiseme kwenye ripoti ya asubuhi, mbele ya watu, inchaji akiwa amesimama. Mtafute mchana, yuko mezani kwake, ametulia. Nenda na mfamasia kama atakubali, kwa maana hiyo ni vita yake pia. Chukua ampuli moja ya maji na moja ya potasiamu, ziweke mezani, muombe akuonyeshe ipi ni ipi akiwa hatua moja kutoka mezani. Acha aangalie mwenyewe. Kisha mpe karatasi uliyokwisha kuandika, fupi, inayoanza na droo. Kitu kama hiki: "Kwenye troli ya dawa ya wodi ya watoto, ampuli za potasiamu kloraidi na za maji ya sindano zinahifadhiwa droo moja na zinafanana. Tarehe fulani, saa kumi na moja alfajiri, nilichukua potasiamu nikidhani ni maji. Kosa liligundulika kabla ya sindano, mgonjwa hakupata dawa hiyo. Nilikuwa naiti ya sita, wauguzi wawili kwa wagonjwa 47. Nimezirudisha famasi. Naomba zisirudi kwenye troli." Weka jina lako na sahihi, na nakala ibaki nyumbani kwako.

Kama ukutani kwenu kuna bango la 5S, zile hatua tano za kupanga mahali pa kazi, na naamini lipo, limuombe inchaji alisome nawe: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kutenganisha ampuli ndiyo hiyo sasambua na seti yenyewe. Peleka jambo hili timu ya uboreshaji kazi ya wodi kama pendekezo lao, ili lisionekane ni kilio cha mtu mmoja. Mkumbushe pia kwamba hospitali yenu inafanya vikao vya kupitia vifo vya akina mama na watoto wachanga, na kanuni ya vikao hivyo ni kutotaja jina na kutolaumu. Muulize kwa upole: ikiwa kifo tunaweza kukijadili bila kumwaibisha mtu, kosa ambalo halijaua linashindikanaje?

Siwezi kukuhakikishia kwamba hutapewa barua. Wapo viongozi ambao bado wanaamini wodi inaendeshwa kwa hofu. Ukiipata, usiijibu siku hiyo hiyo ukiwa na machozi. Mwone mwakilishi wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, kazini kwenu au viongozi wa chama chetu cha wauguzi, TANNA, jibu kwa ukweli ule ule wa karatasi yako ya kwanza, na ambatisha nakala yake. Muuguzi aliyeandika kabla ya kuandikiwa ana mguu mzuri wa kusimamia.

Kuhusu yule binti mama. Dawa ile haikumwingia mtoto wake, kwa hiyo hujamficha madhara. Ingekuwa imeingia, hata tone, ningekwambia nenda ukae naye na daktari na mumweleze yote, kwa sababu mwili ni wa mwanawe. Lakini kuna deni unalo kwake. Kama bado wapo wodini, mwambie: "Siku ile uliniuliza kuhusu chupa. Uliona vizuri, ilikuwa siyo, nikabadilisha. Uendelee kuuliza, hata ukiona nimekunja uso." Uliwahi kufikiri ni akina mama wangapi kwenye wodi hiyo waliona kitu wakanyamaza kwa kuogopa kuitwa wasumbufu? Sisi wauguzi tunajibu vibaya, tuseme kweli. "Wewe ndiye daktari?" Nimelisema neno hilo mwenyewe, na leo linaniuma. Binti yule aliokoa maisha mawili alfajiri ile, la mwanawe na la kwako.

Nirudi kwako sasa, kwenye hizo naiti sita. Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Walikuta kwamba kwa kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7, na uwezekano wa muuguzi mwenyewe kuchakaa kwa kazi unapanda kwa asilimia 23. Hayo ni ya wenzetu waliokuwa na wagonjwa wanne mpaka wanane kila mmoja. Wewe gawanya 47 kwa wawili. WHO walilijua hilo pia. Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, tarehe 17 Septemba, mwaka 2020 waliielekeza kwa wahudumu wa afya wenyewe, kwamba usalama wao ni sharti la usalama wa mgonjwa. Mwombe inchaji ratiba ya zamu ipitiwe upya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo kila siku na saa 24 kila wiki. Idadi ya wauguzi inchaji hawezi kuiongeza, hilo liko juu yake na nisingependa umchukie kwa hilo. Lakini nani apangwe na nani usiku, na semina zisitoe mtu wiki ambayo mwingine yuko likizo ya uzazi, hayo yako kwenye kalamu yake.

Mpaka yabadilike, jilinde. Ukiwa unaandaa dawa, mtu asikuite. Kubalianeni na mwenzako kwamba anayeshika bomba hasemeshwi. Taja jina la dawa kwa sauti unapolisoma kwenye ampuli, maana sikio hushika kile ambalo jicho lililochoka limekiruka. Saa kumi usiku, wodi ikitulia, pokezaneni dakika ishirini za kuinamisha kichwa, mmoja macho mmoja mapumziko. Matroni wa zamani watanikasirikia kwa ushauri huu. Wanikasirikie.

Na mume wako mwambie leo. Anaona unamfokea mtoto, anaona hulali, huenda anadhani ana kosa. Hizo dalili ulizoniandikia, kusoma lebo mara tano, sauti inayorudi kwenye daladala, usingizi kukimbia, ni za mtu aliyepata mshtuko na akaubeba peke yake. Hospitali yenu ina kliniki ya afya ya akili. Ile ni yako pia, hata kama umezoea kupeleka wengine. Zikifika wiki nyingine mbili na hujalala, nenda. Ukianza kufikiri kwamba ni heri usingekuwepo, nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.

Umeniuliza kama wewe ni muuguzi mbaya. Ulipoulizwa na mama wa mgonjwa, ukiwa umechoka vile, uliangalia. Ungeweza kusema "subiri nimalize". Wiki tatu baadaye bado unatenganisha ampuli ambazo hakuna aliyekutuma uzitenganishe. Duka la binamu yako lisubiri. Ukija kuondoka, ondoka kwa kuwa umechagua, baada ya kulala usingizi wa siku kadhaa, usiondoke kwa kukimbia droo.

Niandikie ukishaongea na inchaji, mstari mmoja tu unatosha. Niambie zile ampuli ziko wapi sasa.